Fremu au kontena: tovuti yako kwenye jukwaa la kulipia au kwenye WordPress unayoihosti mwenyewe?

Pita barabara yoyote yenye biashara hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa mpaka Uyole, utawakuta wafanyabiashara wa aina mbili wamekaa jirani. Wa kwanza amepanga fremu kwenye jengo la mtu. Umeme ameukuta, choo amekikuta, mlinzi wa usiku analipwa na mwenye jengo. Kazi yake ni kufungua mlango na kuuza. Wa pili amenunua kontena, akalitoboa dirisha, akalipaka rangi na kuliweka kwenye eneo alilokodi. Likivuja, ni lake. Kufuli likivunjwa, ni lake. Lakini siku akishindwana na mwenye eneo, anaita winchi, duka zima linapanda lori, na kesho yake anauzia Kabwe.

Tovuti nazo ziko hivyo. Majukwaa ya kutengenezea tovuti kama Wix, Squarespace, Shopify na WordPress.com ni fremu. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ukiipakua bure na kuiweka kwenye seva uliyoikodi (kompyuta ya kampuni inayohifadhi tovuti na kuwaonyesha wageni), ni kontena. Wapo wanaosema hiyo ya pili ni nyumba yako kwenye kiwanja chako. Sikubaliani nao, kwa sababu seva bado ni ya mtu na kodi yake unailipa kila mwaka. Kilicho chako ni kile kinachobebeka. Nitapima pande hizi mbili kwa huko kubebeka, na kwa jambo lingine ambalo huku Nyanda za Juu Kusini nimeliona likiua tovuti nyingi kuliko wadukuzi: nani anaitazama fundi akishaondoka.

Kwanza tutenganishe majina

Neno WordPress linawapoteza watu kwa sababu ni jina la vitu viwili. Kuna programu yenyewe, iliyotolewa Mei 27, 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ya bure, yenye leseni huria ya GPL inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, inayopatikana WordPress.org. Hiyo ndiyo inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Unaipakua, unaiweka kwenye seva ya kampuni yoyote ya kuhosti, yaani inayokodisha nafasi ya tovuti, na hakuna wa kukuuliza. Halafu kuna WordPress.com, huduma ya Automattic, kampuni ya Mullenweg huyohuyo, ambako unafungua akaunti na wao wanakutunzia kila kitu. Fundi akikwambia "nakutengenezea WordPress", muulize ni ipi. Bei, uhuru na majukumu yake havifanani hata kidogo.

Na "kuhosti mwenyewe" hakuna maana ya kuweka kompyuta ofisini kwako, tuseme Soweto hapa Mbeya, na kuiacha ikiwaka usiku kucha. Nimekutana na mkuu wa shule aliyekuwa ameanza kutafuta fedha za kununua mashine na jenereta kwa kuelewa hivyo. Unakodi nafasi kwenye seva ya kampuni, iwe Dar es Salaam au Ulaya. Umeme wa mtaani kwako ukikatika, tovuti haina habari.

Siku ya kwanza

Siku ya kwanza fremu inashinda, na inashinda kwa mbali.

Mwaka jana nilikaa na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Tukuyu. Mvua ilikuwa inanyesha vile Tukuyu inavyojua kunyesha. Tulikuwa mapokezi, laptopu juu ya kitabu cha wageni, intaneti tunaivuta kwenye simu yake. Wageni wake wengi ni wanaokwenda Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, au wanaoshuka Matema. Akaniuliza, "Mwanangu, hii kazi inaisha leo au ni zile za njoo kesho?" Nikamjibu, "Inaisha leo, mama." Ikaisha. Tulichagua kiolezo (muonekano uliokwisha kuandaliwa), tukaandika bei za vyumba, tukaweka ramani na kitufe cha WhatsApp, tukaunganisha kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti. Kabla ya magharibi ilikuwa hewani, na kile cheti cha usalama kinachoifanya anwani ianze na https kilikuja chenyewe bila mimi kugusa kitu.

Jambo lililonipendeza zaidi ni picha. Simu yake inapiga picha za MB 4 hadi 5, na alitaka ziwekwe 22. Tungezipandisha kama zilivyo, mgeni aliyeko kwenye basi la kutoka Kyela angekula zaidi ya MB 80 za bando lake kabla hajaiona bei ya chumba. Jukwaa lilizipunguza lenyewe, likampa kila mtu ukubwa unaoendana na kioo cha simu yake. WordPress nayo inajitahidi: tangu toleo 5.3 la Novemba 2019 inazipunguza picha kubwa kupita kiasi na kutengeneza saizi ndogo ndogo. Ila kuzibana vizuri mpaka ziwe nyepesi kunahitaji uongeze plagini (kiprogramu cha nyongeza) au uzipunguze kwa mkono kabla, na mama yule asingefanya hivyo kila anapobadilisha mapazia.

Kwa WordPress kazi hiyohiyo ingenichukua siku mbili au tatu: kununua kifurushi cha seva, kuelekeza kikoa, kusakinisha, kutafuta kiolezo kisicho kizito, kuongeza plagini ya fomu, ya ulinzi, ya nakala rudufu (nakala ya akiba ya tovuti), ya kuongeza kasi. Hakuna gumu hapo kwa anayejua. Ni vingi tu.

Miezi kumi na minne baadaye

Sasa nikupeleke Iringa. Kampuni ndogo ya kupeleka watalii Ruaha ilikuwa na WordPress nzuri sana, iliyojengwa na fundi mwenye mikono. Kurasa za Isimila, za Gangilonga, za misimu ya kuona wanyama, zote zimeandikwa kwa uangalifu na mwenye kampuni mwenyewe. Asubuhi moja akanipigia: "Kaka, nikitafuta jina letu Google linakuja na maandishi ya Kijapani."

Nikafungua tovuti, naiona safi. Nikatafuta Google, kweli: chini ya jina la kampuni kuna Kijapani kitupu, matangazo ya mikoba na viatu bandia. Huu ni udukuzi unaojulikana. Mwizi akishaingia anatengeneza maelfu ya kurasa zinazoonyeshwa kwa mashine za Google, na mwenye tovuti akiingia anaonyeshwa ukurasa wake wa kawaida. Unaweza kukaa miezi bila kujua. Mlango ulikuwa plagini moja ya albamu ya picha ambayo haikusasishwa tangu siku tovuti ilipokabidhiwa, miezi kumi na minne nyuma. Nakala rudufu ilikuwepo, lakini ilikuwa kwenye seva ileile, nayo imeingiliwa. Kusafisha kulinichukua siku nne, na Google ikachukua wiki kadhaa kusahau Kijapani kile. Hiyo ilikuwa Juni, msimu wa kiangazi unaanza, wageni wa Ruaha ndio wanatafuta.

Fundi aliyeijenga simlaumu. Kazi yake ilikuwa kujenga, alijenga, akalipwa, akaenda. Hakuna aliyekubaliana na nani kwamba kila wiki mtu ataingia na kubonyeza kitufe cha kusasisha. WordPress imekuwa ikijisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama tangu toleo 3.7 la Oktoba 2013, na tangu toleo 5.5 la Agosti 2020 unaweza kuruhusu hata plagini zijisasishe. Lakini ruhusa hiyo unaitoa wewe, na pale haikutolewa.

Kontena linadai mambo haya, na hayana njia ya mkato: kusasisha kila wiki, nakala rudufu inayokaa nje ya seva, mfano kwenye Google Drive, nywila ndefu na uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mwenye akaunti ya uongozi, na kuangalia toleo la PHP, ile lugha inayoendesha WordPress. PHP 7.4 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022, na bado nakuta tovuti zinazoitumia. Kwa mtu makini ni dakika ishirini au thelathini kwa wiki.

Kwenye fremu hakuna hata moja kati ya hayo linalokuhusu, ukiacha nywila. Mlinzi analipwa na mwenye jengo.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila mteja huwa hili: nitajie jina la mtu atakayekuwa anaitazama. Akinitajia mpwa wake anayesoma chuo na atakayemaliza mwakani, namshauri fremu.

Pesa inayotoka na pesa inayoingia

Watu hulinganisha bei ya kununua tu. Mipango ya kulipia ya Wix na Squarespace imekuwa ikianzia kwenye dola 16 au 17 kwa mwezi ukilipa mwaka mzima. Kwa dola ya shilingi 2,500, hiyo ni karibu laki tano kwa mwaka, na tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazowauzia Watanzania huduma za kielektroniki zinatakiwa kutoza VAT juu yake. Upande wa pili, WordPress ni bure na kampuni za hapa nchini zina vifurushi vya seva vya chini ya laki mbili kwa mwaka. Ukiishia hapo, kontena ni rahisi. Ongeza malipo ya mtu wa kulitunza, hata elfu thelathini kwa mwezi, tayari unakaribiana na fremu. Kwa tovuti ndogo, bei isiwe ndiyo inayokuamulia.

Namna ya kulipa ndiyo ina uzito. Jukwaa la nje linataka kadi na dola, na linakata lenyewe. Kadi ikiisha muda wake au salio lisipotosha siku hiyo, tovuti inashushwa ngazi au inazimwa, mara nyingi baada ya barua pepe tatu ambazo hazikusomwa. Kampuni ya hapa unailipa kwa M-Pesa au Airtel Money, na ukichelewa unampigia mtu simu mkaongea Kiswahili.

Kwenye pesa inayoingia, pande hizi zinaachana kabisa. Mteja wa Mbeya, Makambako au Njombe analipa kwa simu. Shopify ina mfumo wake wa malipo, Shopify Payments, ambao Tanzania haupo. Unalazimika kutumia mfumo wa kampuni nyingine, na Shopify inakutoza ada ya ziada kwa kila mauzo kwa kosa la kutotumia wa kwao. Kwenye WordPress unaweka WooCommerce, ambayo ni bure, kisha plagini ya kampuni ya malipo inayofanya kazi Afrika Mashariki, kama Pesapal, na mteja anathibitisha kwenye simu yake. Kama unauza kahawa ya Mbozi iliyokaangwa kwa Watanzania, na unataka oda ilipwe saa nane za usiku wewe umelala, hapo sina ubishi: kontena.

Ila jiulize kweli kama unalihitaji duka. Mama wa Tukuyu anapokea malipo ya awali kwa Lipa Namba iliyoandikwa kwenye tovuti, mgeni anatuma picha ya ujumbe WhatsApp, basi. Vyumba vyake tisa havihitaji mashine zaidi ya hiyo.

Siku ya kuhama

Ukihama fremu unabeba mzigo wako, lakini rafu zilizopigiliwa ukutani zinabaki. Ndivyo ilivyo hasa kwenye majukwaa. Wix wanasema wazi kwamba tovuti iliyojengwa kwao haiwezi kuchukuliwa ikaendeshwa kwenye seva nyingine. Squarespace inakutolea faili la kupeleka WordPress lenye kurasa za kawaida na makala za blogu, lakini muonekano na baadhi ya kurasa havimo. Kwa maduka, orodha ya bidhaa unaitoa kama jedwali. Kwa tovuti ya kurasa sita haya ni ya kuvumilika, unazinakili kwa mkono mchana mmoja. Kwa tovuti ya kurasa 60 ni maumivu. Nimewahi kuifanya kazi hiyo kwa wateja wa Iringa waliotaka malipo ya simu ambayo jukwaa lao halikuyaweza. Wiki tatu za kunakili na kubandika, na anwani za kurasa zikabadilika, kwa hiyo kila moja ikabidi ielekezwe upya ili wageni wa Google wasiangukie ukuta.

Kuhamisha WordPress ni mafaili na hifadhidata, yaani ghala la maandishi yake. Plagini za kazi hiyo zipo, na kwa tovuti ya kawaida ni saa chache. Winchi, lori, Kabwe.

Na usidhani kuhama ni uamuzi wako peke yako. Yahoo ilifunga GeoCities Oktoba 2009, kurasa za watu wengi sana zikafutika. Karibu zaidi na sisi, Machi 2024 Google ilizima zile tovuti ndogo za bure zilizotengenezwa kupitia wasifu wa biashara kwenye ramani. Hoteli ndogo, gereji na saluni zilizokuwa zimechapisha anwani hiyo kwenye kadi na mabango zilibaki na mabango.

Haki itendeke upande wa pili pia. Septemba 2024 kulizuka ugomvi kati ya Mullenweg na kampuni ya kuhosti ya WP Engine, na WordPress.org ikaizuia kampuni hiyo kupata masasisho ya plagini. Wenye tovuti wasiohusika wakajikuta katikati. Kontena nalo lina watu linaowategemea. Tofauti ni kwamba waliokerwa waliweza kuhamishia tovuti zao kampuni nyingine zikiwa nzima.

Wageni wako wako wapi

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikalegea siku kadhaa. Siku hizo tovuti zilizokaa kwenye seva za Dar es Salaam zilikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kumfikia mtu wa ndani, kwa sababu njia yake haipiti baharini. Ukihosti mwenyewe unachagua mahali. Kwenye jukwaa unachaguliwa mahali. Chama cha wakulima wa mpunga Mbarali, ambacho wasomaji wake wako Usangu na Mbeya mjini, kinafaidika na seva ya nyumbani. Kampuni inayomsubiri mtalii wa Ujerumani aione Kitulo ikiwa imechanua, kati ya Desemba na Aprili, haipotezi kitu kwa kuwa kwenye mtandao wa seva zilizotapakaa duniani, na majukwaa makubwa yanao tayari.

Kikoa kwanza, vyovyote utakavyochagua

Hili nalisema kwa kusisitiza maana nimeliona likiwaliza watu wazima. Kikoa kiandikishwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako, kabla ya kitu kingine chochote. Fundi asikununulie kwa akaunti yake "kurahisisha". Najua duka la pembejeo lililotumia anwani moja miaka mitano, kwenye magunia, kwenye fulana, kwenye gari. Fundi akahamia mkoa mwingine, akabadilisha namba, ilani ya kulipia ikaenda kwenye barua pepe yake ya zamani, kikoa kikaisha muda. Kukirudisha kulishindikana.

Kikoa cha co.tz kwa kawaida hakifiki elfu hamsini kwa mwaka. Taasisi zina or.tz, shule sc.tz, vyuo ac.tz, na nyumba za wageni zina hotel.tz, ambayo nashangaa wenye hoteli wetu wengi hawaitumii. Ukiwa na kikoa chako unaweza kukihamisha kutoka fremu kwenda kontena na kurudi, mteja asijue. Anwani ya bure yenye jina la jukwaa ndani yake usiichapishe popote.

La sheria ni fupi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haiangalii umejenga kwa chombo gani. Fomu yako ya kuhifadhi nafasi ikiomba namba ya pasipoti, wewe ndiye unayewajibika nayo. Usiombe usichokihitaji.

Ningewashauri hivi

Nyumba ya wageni Tukuyu, Matema au Iringa mjini, kurasa tano au sita, hakuna mtu wa teknolojia: fremu, bila kusitasita. Kikundi cha parachichi Rungwe au Njombe kinachotaka mnunuzi wa nje aone vyeti, picha za shamba na namba ya simu: fremu pia, na nguvu iende kwenye kupiga picha nzuri. Kampuni ya utalii yenye kurasa nyingi zinazoandikwa kila mwezi, ambayo maandishi yake ndiyo yanayoleta wageni: kontena, pamoja na mkataba wa matunzo ulioandikwa, wenye jina la mtu na siku ya wiki. Shule au chuo: kontena kama kuna mwalimu wa kompyuta aliyeajiriwa na anayepewa muda rasmi wa kazi hiyo, vinginevyo fremu. Duka linalouzia wananchi na kupokea malipo ya simu: kontena.

Ukiwa katikati, anza na fremu ila ishi kama mtu atakayehama. Tulifanya hivyo Tukuyu. Kikoa ni chake. Maandishi yote ya tovuti tuliyaandika kwanza kwenye faili la kawaida, ukurasa kwa ukurasa, picha zikabaki na ukubwa wake wa awali, na kila akibadilisha bei anabadilisha sehemu mbili. Vyote viko kwenye flashi moja nyekundu, kwenye droo ya mapokezi, chini ya kitabu cha wageni.